Vitu Sita Dirishani

Nilisema ndiyo. Mwalimu Mkuu aliniita nyuma ya stoo ya shule, mahali palipowekwa madebe ya chokaa, akaniambia kwamba Mkaguzi atakapokuja keshokutwa hataki dada yangu Naetwe aonekane shuleni, na kwamba mimi ndiye nitakayehakikisha hilo bila kelele. Nikasema, “Ndiyo, Mwalimu.” Sikuhitaji hata muda wa kumeza mate. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, umri ambao watu wengi hunisamehe nikiwasimulia, lakini mimi nilikuwepo, na ninakumbuka vizuri kwamba nilijua ninachokikubali.

Juzi wajukuu wangu walikuwa wanapaka chokaa chumba cha uani. Harufu ya chokaa mbichi, ile yenye ubaridi inayokwaruza koo, ilinikuta barazani na kikombe cha chai, na chai ikanishinda. Wao walidhani ni vumbi, nikawaacha wadhani hivyo. Ninyi wa rika langu, mliosomea madarasa ya udongo enzi za Mwingereza na kuandika kwa kalamu ya jiwe juu ya kibao, mtanielewa nikisema kwamba harufu ile ilinirudisha dirishani pa darasa la pili, na vitu vya dada yangu vikiwa mfukoni mwangu.

Kwetu ni milimani, juu ya Same, upande ambao ukungu wa asubuhi hupanda kutoka bondeni na kuingia mpaka jikoni. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga na alirudi mara moja kwa mwaka. Nyumbani tulikuwa Mama, Bibi mzaa baba, mimi, na Naetwe, mdogo wangu kwa miaka miwili. Naetwe alikula makande kwa namna yake: kwanza mahindi yote, punje moja moja, kisha maharage. Ukimkorogea sahani hakulia, alianza kuchambua upya. Ukimwita kwa jina hakugeuka, lakini Mama akifunua chungu uani aligeuka mara moja. Ukimuuliza, “Umekula?” naye alijibu, “Umekula.” Mbuzi akilia ghafla alijiziba masikio na kujikunyata kana kwamba amepigwa.

Salamu ndiyo iliyotuletea aibu kubwa. Mama alimfundisha kuamkia, lakini Naetwe aliishika salamu na kiitikio chake kama neno moja refu. Mzee akipita njiani, yeye alisema, “Shikamoo-marahaba,” kwa pumzi moja, akaendelea na safari yake. Mzee mmoja jirani yetu alikuja kumlalamikia Mama. “Binti yako ananiamkia na kujiitikia mwenyewe,” alisema. “Sasa mimi pale njiani nimesimama kufanya nini?” Mama alimwomba radhi huku akiuma mdomo asicheke.

Siku hizi nasikia redioni wataalamu wakieleza habari za usonji, na kila wakieleza namwona Naetwe na sahani yake ya makande. Wakati ule hatukuwa na jina hilo. Tulikuwa na jina jingine, na lilikuwa jina la kutisha. Mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego, na kwa mababu zetu mtoto wa namna hiyo hakuachwa akue, kwa kuwa iliaminika atauletea ukoo mzima vifo na ukame. Misheni na serikali zilikuwa zimeikomesha desturi hiyo, ila hofu yake haikukomeshwa na mtu. Jioni moja nilimsikia Bibi akimnong'oneza jirani jikoni kwamba Naetwe alipoota meno Mama alikuwa kwao, na kwamba yeye Bibi hakuonyeshwa jino la kwanza la mtoto yule mpaka yalipokuwa yameshajaa kinywani. Bibi hakusema zaidi ya hapo. Yaliyobaki niliyamalizia mwenyewe. Tangu jioni ile niliamini kwamba dada yangu ni kigego, kwamba Mama anajua na anaficha, na kwamba siku mtu mwenye cheo atakapomfunua kinywa, ataonekana.

Naetwe hakuandikishwa shule. Alinifuata tu. Asubuhi moja nilipoingia darasani nilimwona amesimama nje kwenye ukungu, mkono mmoja juu ya ukuta, na siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nilimfukuza kwa vijiwe vidogo, najuta kusema, nikidhani nafanya mzaha. Aliyemwingiza ndani alikuwa Mwalimu Zefania, kijana kutoka Msangeni kule Upare wa kaskazini, aliyefundisha la kwanza na la pili. Tulikuwa tunamcheka kwa jinsi anavyoyaburuta maneno yake, na alijua tunamcheka, na hakuonekana kujali. Alimwekea Naetwe kigoda pembeni, karibu na dirisha, akamwandika kwa penseli mwishoni mwa daftari la mahudhurio, akaendelea kufundisha kana kwamba hajaongeza mtu.

Siku ya kwanza Naetwe alikaa mpaka kengele ilipopigwa. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Wazee walikibeba kwa msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kutoka stesheni ya Same mpaka juu kwetu, na kijiji kilijivunia mlio wake uliosikika mabonde mawili. Ulipolia, Naetwe alipita dirishani na hatukumwona tena siku ile. Mwalimu Zefania alimwomba Mwalimu Mkuu kengele ipigwe taratibu. Mwalimu Mkuu alimuuliza kama alitaka wazee waambiwe kwamba reli yao irudishwe Same. Basi Zefania akatafuta njia nyingine. Kabla ya kila mlio alikwenda dirishani na kugonga ubao wake mara mbili kwa kidole. Naetwe alijifunza kwamba baada ya kidole inakuja reli, akaziba masikio mapema, mlio ukapita, akabaki kigodani. Wiki ya pili alikuwa anaziba masikio huku ananyanyua mguu mmoja tu, kama kuku kwenye baridi. Wiki ya nne hata mguu aliuacha chini.

Kilichomshinda zaidi ya reli kilikuwa kutojua kinachofuata. Sisi tuliambiwa, “Fungeni vibao, twendeni shambani,” tukaenda. Yeye maneno yale yalimpita, akaona tu watu wote wameinuka ghafla, akapiga kelele. Mwalimu Zefania akaleta vitu sita na kuvipanga kwa mstari kwenye ukingo wa dirisha. Kipande cha jalada la kitabu kilikuwa kusoma. Chaki ilikuwa kuandika. Kipande cha kibuyu kilikuwa mapumziko, tunapokunywa maji. Fundo la kitambaa lenye punje za maharage lilikuwa hesabu. Kipande cha mpini wa jembe kilikuwa shamba la shule. Cha mwisho kilikuwa ngata ndogo ya majani makavu ya mgomba, kama ile wanayoweka kina mama kichwani wakibeba mzigo, na maana yake ilikuwa nyumbani. Kila kazi ilipokwisha, Naetwe alikichukua kitu chake na kukitia kwenye kikapu chini ya kigoda, kisha akatazama kinachofuata. Kelele zilikoma. Haikuwa miujiza, ilichukua miezi, na siku Mwalimu alipougua homa tulirudi nyuma sana. Lakini zilikoma. Na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, watoto wengine wa la kwanza nao wakaanza kutazama dirishani kabla ya kuuliza, na darasa lote likatulia.

Mwalimu aligundua pia kwamba ukimsimamia Naetwe usoni na kumuuliza, atakurudishia swali lako. Ukikaa kando yake na kutazama kwingine, kana kwamba humsubiri, jibu linakuja. Kwa hiyo alimfundisha kusoma wakiwa bega kwa bega, yeye akitazama milima. Kuhusu salamu alimfundisha kusema “Shikamoo,” kisha kuhesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo, kwa sababu zamu ni ya mzee. Akapita kwa wazee nyumba kwa nyumba kuwaomba nao wajibu upesi, wasizidishe tatu, kwani ikifika nne binti atajijibu mwenyewe. Yule mzee jirani yetu alianza kuitikia kabla hata hajaamkiwa, akiogopa kupitwa.

Yote hayo niliyaona nikiwa la nne, na sikujivunia hata kidogo. Wenzangu waliniita shemeji wa dirisha, eti dada yangu ameolewa nalo. Kila Naetwe alipofanya jambo jipya mimi nilitazama chini.

Kisha mvua za vuli zikachelewa. Ndiva letu, bwawa ambalo hujazwa maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani, likawa linafika nusu tu. Zamu za maji zikafupishwa, watu wakawa wakali, na baadhi ya wazazi wakakumbuka habari ya meno. Walimwendea Mwalimu Mkuu wakataka mtoto yule aondolewe kati ya watoto wao. Mwalimu Mkuu hakuamini vigego, alikuwa mtu wa misheni, lakini alipenda kijiji kitulie. Aliamua kwamba Mkaguzi wa shule akija, atamwonyesha kwamba mtoto yule hafundishiki, Mkaguzi ataandika hivyo kitabuni, na jambo litakwisha kwa kalamu ya serikali. Mwalimu Zefania akajibu kwamba Mkaguzi akimwona Naetwe akisoma ataandika vingine. Ndipo Mwalimu Mkuu alipoona ni heri Mkaguzi asimwone kabisa. Asiyekuwepo hasomi. Daftari lingeonyesha mtoro, na mtoro hufutwa.

Hayo nilielezwa pale kwenye madebe ya chokaa, kwa maneno machache kuliko haya. Nami nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Kila Jumatatu Mwalimu Mkuu alitupanga mstari akatutazama kucha na meno, kwa hiyo mimi nilidhani Mkaguzi ni mkubwa wa kazi hiyo hiyo, Mzungu anayezunguka milimani kufungua vinywa vya watoto, na kwamba kinywa cha Naetwe hakitampita. Ningependa kuwaambia kwamba nilikubali ili kumlinda. Hofu hiyo ilikuwepo, lakini siyo iliyosema ndiyo. Mwalimu Mkuu aliongeza, “Ukilifanya vizuri, wewe ndiye utakayesoma mbele ya Mkaguzi.” Hiyo ndiyo iliyosema ndiyo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika shule kabla ya watu. Kuta zilikuwa nyeupe, bado mbichi, na harufu ilijaa kila mahali. Mwalimu Zefania alikuwa amekwisha kuvipanga vitu vyake tangu jana jioni. Nikavichukua jalada, chaki, kibuyu, fundo na mpini, nikavitia mfukoni mwa kaptula. Nikaiacha ngata peke yake.

Naetwe alikuja na kikapu chake, akaenda dirishani, akasimama. Alitazama ngata muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama hasa, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa mtu yeyote. Akasema, “Nyumbani?”

Hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo dada yangu aliniuliza maishani. Halikuwa maneno ya mtu mwingine yaliyorudishwa. Lilikuwa lake, na aliniuliza mimi kwa sababu mimi ni kaka yake.

Nikasema, “Nyumbani.”

Akaitia ngata kikapuni, akaondoka.

Mkaguzi alifika baada ya mlio wa kwanza wa reli, mrefu, miguu imejaa vumbi jekundu la njia yetu. Alijua Kiswahili, kile cha kitabuni kinachotembea wima. Kwa kuwa chumba cha la tatu na la nne kilikuwa bado kinachuruzika chokaa, sote tulisongamana katika chumba cha Mwalimu Zefania. Yeye aliingia nyuma yetu, akatazama dirisha tupu, akatazama kigoda kitupu, kisha macho yake yakashuka kwenye mfuko wangu uliovimba. Alininyooshea kiganja. Nilimpa vitu kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kizito kuliko cha kwanza. Akaenda kuvipanga upya mahali pake, polepole, kana kwamba hakuna Mzungu chumbani.

Mkaguzi aliuliza vile ni nini. Mwalimu Mkuu alisema ni michezo ya watoto, bwana. Mwalimu Zefania akasema, “Ni ratiba, bwana. Mwenyewe hayupo. Naomba ruhusa nimfuate.” Mwalimu Mkuu akamkatalia papo hapo, kwamba mwalimu haachi darasa mbele ya mgeni, na akaniita mimi nisome.

Nilisoma vizuri. Hilo nalo lazima niliseme. Nilisoma kurasa mbili bila kukwama, na nilipomaliza Mkaguzi alitikisa kichwa kunikubali, na nilijisikia mtupu kama debe. Reli ya mapumziko ikalia, lakini hatukuruhusiwa kutoka.

Sasa huko nyumbani, kama Mama alivyotusimulia baadaye, Naetwe alikuwa amemkuta akijiandaa kwenda kwenye ndiva. Mama alishangaa kumwona, akamuuliza kulikoni, akajibiwa, “Nyumbani.” Akadhani wageni wamesababisha shule ifungwe. Kisha reli ya mapumziko ikasikika kutoka juu. Naetwe akasimama katikati ya uwanja. Dirisha lilimwambia nyumbani, na reli inamwambia shule. Mama alisema alizunguka pale uwanjani mara tatu, nne, akilia, mikono masikioni. Halafu akaanza kupanda mlima kuelekea kule kule mlio ulikotoka, mlio ambao bila kugongewa kidole aliukimbia siku zote. Mama akashika jembe lake na kumfuata.

Waliingia hivyo. Naetwe mbele, mikono bado masikioni, Mama nyuma yake, vumbi mpaka magotini, jembe begani. Chumba kizima kiligeuka.

Mwalimu Mkuu alimwendea Mama haraka, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, “Mama, mrudishe mtoto. Leo si siku yake.”

“Nimemkuta nyumbani saa za shule, nimemleta,” Mama alisema. “Kama leo si siku yake, ni siku ya nani?”

Naetwe hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameshafika dirishani. Aliviona vyote vimerudi, akavisogelea mpaka pua ikakaribia kuvigusa. Akatoa ngata kikapuni, akairudisha mwisho wa mstari, palipo pake. Akachukua jalada, akalitia kikapuni. Akachukua chaki, akaitia kikapuni. Akabakiza kibuyu mbele, kwa sababu ni kweli yalikuwa mapumziko. Kisha akakaa kigodani. Alikuwa amekosa nusu nzima ya asubuhi na amejipatia saa yake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Mkaguzi aliuliza huyu ni nani. Mwalimu Mkuu alisema ni mgonjwa, hajui kitu. Mwalimu Zefania akasema, “Anajua kusoma, bwana.” Ndipo nikaelewa kwamba kazi yake pia ilikuwa imekaa juu ya kile kigoda.

Mzungu akamkabili Naetwe, akainama, akamwambia kwa sauti kubwa asome. Naetwe akasema, “Asome.” Watoto wawili watatu wakacheka. Mwalimu Mkuu akaanza kufungua kinywa, lakini Zefania alimtangulia.

“Bwana,” alisema, “nakuomba ukae pembeni yake, utazame nje.”

Sijui kama ninyi mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Mwalimu wa la kwanza na la pili, kutoka Msangeni, kumwambia Mkaguzi wa serikali ageuke. Mkaguzi alimtazama kidogo. Halafu akavuta benchi, akakaa bega kwa bega na dada yangu, magoti yake yamemfika kifuani, akatazama milima na ukungu wake.

Nikaanza kusikia chokaa ikidondoka kwenye chumba cha pili. Ndipo Naetwe alipofungua kitabu na kuanza kusoma. Alisoma somo la juma lile kwa sauti ya Mwalimu Zefania mwenyewe, akiyaburuta maneno vile vile kama mtu wa Msangeni, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipolimaliza sote tulidhani amefika mwisho. Akafunua ukurasa. Ulikuwa ukurasa ambao la pili hawakuwa wameufikia, hakuna aliyemsomea ule, na sauti ikabadilika. Sasa alikwenda polepole, akikwama na kurudi, na haikuwa sauti ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa nyembamba, na sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile. Mama aliteremsha jembe begani.

Alipofunga kitabu, Mkaguzi aliuliza, akiwa bado anatazama nje, vile vitu sita vinafanyaje kazi. Mwalimu Zefania alimweleza, na yule bwana aliandika kitabuni mwake muda mrefu. Kisha alitupanga mstari, kama nilivyoogopa, akatutazama kucha na meno. Alipofika kwa Naetwe alitazama kinywa chake, akasema, “Meno mazuri,” akapita kwa anayefuata. Jambo ambalo lilikuwa limekaza koo la kijiji kizima lilipitwa kwa maneno mawili. Jioni nikapata ujasiri nikamuuliza Mama ni meno gani yaliyotangulia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inanyesha kuelekea wapi. “Ya chini,” alisema. “Mawili. Kama ya kwako.” Alikwenda akamwambia Bibi maneno hayo hayo, kwa sauti kubwa, na kesho yake kisimani akawaambia wengine.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na kuagana. Mkaguzi alipofika mlangoni, Naetwe alimfuata, akasimama na kusema, “Shikamoo.” Tuliona midomo yake: moja, mbili. Darasa zima tulikuwa tunahesabu naye. Mzungu akaitikia kwenye tatu kamili, “Marahaba,” na kelele za furaha zilizotoka chumbani mle zilimfanya Naetwe azibe masikio, huku anacheka. Nilikuwa sijapata kumwona akicheka kwa sababu ambayo na sisi tunaijua.

Jina lake halikufutwa. Liliandikwa rasmi daftarini kwa wino siku ile ile. Mkaguzi aliagiza ratiba ya dirishani iendelee, na mwaka uliofuata mama mmoja alipanda kutoka kijiji cha Kisiwani, bondeni, na mtoto wake wa kiume asiyesema, akasema amesikia kuna shule inayongoja watoto. Walikuja wengine baada yake, si wengi. Naetwe alimaliza la nne. Alipokuwa msichana mkubwa misheni ilimpa kazi ya kusaidia darasa la kwanza, na kwa miaka mingi ndiye aliyevipanga vitu kila asubuhi na kuwakalia pembeni watoto walioshindwa kukaliwa mbele. Watoto aliowafundisha kusoma leo ni mababu kama mimi, na wakikutana nami wananiuliza habari za Mwalimu Naetwe kwanza.

Mwalimu Zefania hakumwambia mtu ni nani aliyeviondoa vile vitu. Aliniweka nyuma jioni ile akaniambia, “Vile vitu vilikuwa maneno yake. Umemdanganya kwa maneno yake mwenyewe.” Akanituma nikamwombe msamaha. Nilimkuta Naetwe anachambua maharage, nikamwambia, “Nisamehe.” Akajibu, “Nisamehe.” Mpaka leo sijui lilikuwa jibu au ni neno langu tu lililorudishwa.

Nilichokijua ni kwamba tangu kesho yake, nikimwambia twende, alikwenda kwanza kwa Mama kuuliza, “Twende?” Nikimwambia chakula tayari, alikwenda jikoni kuhakikisha. Hakunichukia. Alikaa karibu nami, alikubali nimbebee kikapu. Ila neno langu kwake lilikuwa dirisha tupu. Nilidhani nitalirudisha kwa muda. Nikaenda shule ya kati, nikaenda sekondari, nikapata ukarani katika shamba la mkonge huko Bendera, na kila nilipopanda mlima wakati wa likizo nilikuta bado ni vile vile.

Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, Mama alishuka Bendera kutusaidia. Siku ya tisa alishikwa na homa, na siku ya kumi na mbili akafariki. Alimwulizia Naetwe mara mbili. Nilitoka alfajiri nikapanda mlima mwenyewe kumchukua, kwa kuwa joto la kule chini halisubiri, na mazishi yalikuwa lazima yafanyike kesho yake. Nilimkuta darasani. Nikamwambia, “Mama amefariki. Twende tukamzike.” Alinitazama begani, akaendelea kupanga vitu dirishani. Nikamwomba Shangazi, dada wa marehemu Baba aliyebaki na Naetwe, amwambie. Naetwe akasema, “Shangazi umemwambia wewe.” Mwalimu wa darasa akajaribu, akapata jibu hilo hilo. Watu ambao neno lao lilimtosha walikuwa wawili, Mwalimu Zefania aliyekwisha kurudi kwao Msangeni, na Mama. Nilimngoja mpaka jua likaegemea, kisha nikashuka peke yangu.

Alikuja siku ya tano, baada ya mwinjilisti aliyeendesha mazishi kupanda na kumwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwepo. Nilimwonyesha kaburi. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa nililolifanya asubuhi ile ya chokaa. Ndiyo yangu kwa Mwalimu Mkuu iligharimu hivi: Mama yetu alizikwa bila Naetwe, kwa sababu habari ya kifo chake niliipeleka mimi.